Neno Lisipokaa Mahali Pake

Tuseme muuguzi wa zahanati moja bondeni, upande wa Mtowisa, ameombwa abandike tangazo la Kiingereza ukutani kwa ajili ya wageni wa mradi. Ujumbe ni kwamba wajawazito si lazima walipe. Lazima anaijua, ni must. Kukanusha anakujua, ni not. Anachukua kalamu ya wino mwekundu na kuandika: “Pregnant women must not pay.” Mgeni akifika anasoma jambo jingine kabisa: ni marufuku mjamzito kulipa, na atakayetoa hela amekosa. Tahajia haina dosari, kila neno limo kwenye kamusi, na bado tangazo limesema kitu ambacho muuguzi hakukikusudia.

Wengi wetu huku Ufipa tuna maneno ya Kiingereza ya kutosha. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayo, mhudumu wa gesti pale mjini Sumbawanga anayo, na mfanyabiashara anayevusha maharage Kasesya kwenda Zambia anayo tena mengi, maana ng'ambo ya pili karatasi za forodha zote ni Kiingereza. Kinachowayumbisha ni kuyapanga. Mjadala wa lugha ya kufundishia una wenyewe, na ni wa zamani. Tangu mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walikwisha kuandika katika ripoti yao kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakimudu Kiingereza wanachofundishiwa. Mimi hapa nasema na aliye darasani leo, au aliye dukani, ambaye hawezi kusubiri mjadala uishe.

Nitashika mambo matatu tu, kwa kuwa hukutana ndani ya sentensi moja karibu kila siku: umiliki, yaani ile alama ya juu na herufi s, vitenzi visaidizi vya jamii ya can, may, should na must, na vielezi kama always, never, only na carefully. Vitabu huvifundisha katika sura tatu tofauti, na mwanafunzi hufaulu kila sura peke yake. Siku akitakiwa kuviunganisha ndipo sentensi inapopinda. Ushauri wangu kwa yote matatu ni mmoja: ukishajua maana ya neno, usilitumie kabla hujajua linakaa wapi.

Nidhamu hiyo si ngeni kwetu. Litazame neno tusingeweza. Ndani yake mna tu, mna si, mna nge, kisha weza, na hakuna mtoto wa Namanyere wala wa Laela aliyewahi kusema singetuweza. Kifipa nacho, kama ndugu zake wa Kibantu, humbeba mtenda, wakati na ukanushi ndani ya kitenzi kimoja, kwa mpangilio usiochezewa. Kiingereza kimelipasua neno hilo na kuvipanga vipande vyake hadharani: we could not. Ukali wa mpangilio ni uleule tuliokua nao, ila huko uko nje ya neno, kwenye mstari wa sentensi.

Tuanze na umiliki, maana ndio unaogeuza mambo kichwa chini. Anayeshuka kutoka uwanda wa juu kwenda Ziwa Rukwa anauteremka ukuta wa milima, na sehemu ya ukuta huo ramani huiita Lyamba lya Mfipa. Jina lenyewe ni somo. Kinachomilikiwa kimetangulia, kiunganishi lya kimefuata kwa kupatana nacho, na mwenyewe amekuja mwisho. Kiswahili hufanya hivyohivyo: mahindi ya mkulima, gari la dereva, kibanda cha mlinzi. Kiingereza humtanguliza mwenyewe na kumbandika alama: the farmer's maize, the driver's car, the watchman's hut. Habari njema ni kwamba ya, la, cha, wa na vya zote zimekufa hapo, alama ni moja kwa vitu vyote. Ugumu ni huo wa kugeuza tu.

Na ugeuzaji wenyewe una utaratibu mzuri ajabu. Chukua “gari la dereva wa mkuu wa wilaya”. Lisome kuanzia mkiani: mkuu wa wilaya, dereva, gari. The District Commissioner's driver's car. Chukua jingine lenye kielezi ndani yake: “baiskeli kuukuu sana ya mwalimu”. Kuanzia mwisho ni mwalimu, sana, kuukuu, baiskeli. Nalo Kiingereza ni the teacher's very old bicycle, neno kwa neno, kinyumenyume. Sijui njia fupi kuliko hiyo ya kumfundisha mtoto. Mwambie aandike Kiswahili, aweke namba juu ya kila neno, kisha azisome namba kwa kurudi nyuma. Atakosea mara chache sana.

Angalia kwamba alama hubandikwa mwishoni mwa cheo kizima. Ndiyo maana ofisi ya mbunge ni the Member of Parliament's office, ingawa mwenye ofisi ni Member na si Parliament. Mwenyewe anapotajwa kwa maneno matatu, alama husubiri la tatu.

Makosa mawili ya kwetu hujirudia hapa. La kwanza linatokana na mazungumzo: tunasema “baba nyumba yake imeungua”, tukaandika my father his house. Alama ikishawekwa, his haina kazi tena. My father's house inatosha. La pili ni kurudisha the katikati: the farmer's the maize. Nayo haitakiwi, mwenyewe ameshaziba nafasi hiyo.

Kuhusu wingi, nina ukali kidogo. The farmer's bags ni magunia ya mkulima mmoja, the farmers' bags ni ya wakulima wengi. Kwa sikio hayatofautiani hata kidogo, kwa hiyo mwenye kujifunza kwa kusikia hatayajua kamwe mpaka akae na karatasi. Kwenye mazungumzo si neno. Kwenye hati ya mauziano, nukta hiyo ndogo inaamua kama mali ni ya mtu mmoja au ya kikundi kizima. Children na women, kwa kuwa wingi wao hauna s, huchukua alama kama umoja: the children's books.

Vitu visivyo na uhai mara nyingi huacha alama na kutumia of: the roof of the classroom, the price of maize. Lakini mahali na muda hupokea alama bila shida: Rukwa's maize, yesterday's price, three days' journey. Yatosha kwa umiliki.

Vitenzi visaidizi vina tabia ya kikabaila. Havibadiliki kwa ajili ya mtu yeyote: I can, she can, the teacher can. Havipokei s, havipokei to, na havikai viwili pamoja. Sababu ipo kwenye historia. Can, may na shall, katika Kiingereza cha kale, vilikuwa na umbo la wakati uliopita uliogeuka kuwa wa sasa, na umbo hilo halikuwa na kiambishi kile ambacho leo ni s. Vimebaki hivyo zaidi ya miaka elfu moja. Mwalimu asimlaumu mtoto anayeona ni uonevu.

Sisi tunaponzwa na ku. “Unaweza kwenda” ina ku, nasi tumefundishwa kwamba ku ni to, basi tunaandika you can to go. Iache ku. Baada ya kisaidizi, kitenzi kikuu huja kitupu: can go, must pay, should wait. Tunaponzwa pia na utaweza na itabidi. Kwa kuwa uta ni will na weza ni can, mtu huandika you will can. Visaidizi viwili haviingii mlango mmoja. Cha pili hubadilishwa nguo: you will be able to, you will have to.

Sasa turudi kwenye ukanushi, kwa sababu ndio wenye madhara. Kwa Kiswahili si huitangulia lazima na kuikanusha yenyewe: si lazima, hakuna wajibu. Kwa Kiingereza not huja baada ya must na kuliangukia tendo linalofuata. Must not pay ni “lazima usilipe”. Ukitaka kuondoa wajibu bila kukataza tendo, must haikufai kabisa. Tumia do not have to, au need not. Pregnant women do not have to pay. Mwenye gesti anayetaka kusema kwamba mgeni si lazima aache ufunguo mapokezi naye aseme guests do not have to leave the key, la sivyo wageni watatembea na funguo zake mfukoni wakidhani wametii.

May nayo ina sura mbili za kukanusha. Visitors may not enter ni katazo. The bus may not come today ni mashaka: huenda basi lisije leo. Kinachozitenganisha ni mazingira tu, na kwa sababu hiyo kwenye vibao vya makatazo nashauri must not, isiyo na njia mbili.

Visaidizi hivi vina kazi nyingine ambayo shuleni huguswa juu juu, ile ya kupima uhakika wa msemaji. Mfano mzuri upo jirani yetu. Mto Kalambo unaanguka zaidi ya mita 200 kwenye mpaka wetu na Zambia, na juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, J. Desmond Clark alianza kuchimba mabaki ya kale katika miaka ya 1950. Mwaka 2023 Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine yana umri wa angalau miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu hawakuwapo bado.

Mwongoza watalii anayetaka kulisimulia hilo kwa Kiingereza ana ngazi tatu za kusimama. Umri umepimwa, kwa hiyo anasema moja kwa moja: the logs are at least 476,000 years old. Kwamba waliochonga walikuwa na vifaa ni hitimisho la akili linalotokana na alama zilizo kwenye mti: the builders must have used tools. Hapa must haina amri yoyote, ni ile “lazima walikuwa na” tunayosema tukishaona ushahidi. Ngazi ya tatu ni kazi ya magogo hayo. Huenda lilikuwa jukwaa, huenda njia ya kupita penye majimaji, na watafiti wenyewe hawakukata neno: it may have been a platform. Mwongozaji anayesema it was a platform amemdanganya mgeni bila kukosea sarufi hata kidogo. Na akitaka kufunga maelezo yake kwa sentensi yenye mambo yetu yote matatu, hii hapa: the builders' purpose may never be known. Umiliki mbele, kisaidizi, kielezi, halafu tendo.

Hiyo never imekaa wapi? Baada ya may, kabla ya be. Hapo ndipo makazi ya kudumu ya vielezi vya mara ngapi na vya uhakika: always, never, often, usually, probably, also. Vinakaa nyuma ya kisaidizi cha kwanza, hata visaidizi vikiwa vitatu: the bags should always have been weighed. Mwanafunzi huona vibaya kutenganisha should na have, kwa kuwa kwetu kitenzi hakipasuliwi. Apasue tu.

Never ina mtego wake. Kiswahili kikisema kamwe hudai kitenzi kikanushe: kamwe usivuke. Tukihamisha hivyo tunapata you must never not cross, ambayo ni kinyume cha tulichotaka, maana inamwambia mtu avuke kila mara. Never imebeba ukanushi wote. Kitenzi kibaki chanya. You must never cross here. Kibao cha ukingoni mwa maporomoko kikikosea hapo si suala la alama za mtihani.

Vielezi vya namna, kama slowly, carefully na well, hukaa salama mwishoni, baada ya yambwa: the driver must check the tyres carefully. Sisi tunasema “anazungumza vizuri Kiingereza” na wala hakuna ubaya, ila Kiingereza hakitaki kitu chochote kiingie kati ya kitenzi na yambwa yake. She speaks English well. Mahali na wakati hufuata baada ya hapo, mahali kwanza: at the market on Monday. Mtoto akikariri kwamba wakati ni wa mwisho, anakuwa ameepuka nusu ya makosa ya insha.

Only inastahili aya yake, kwa sababu inaendana na tu, na tu hukaa nyuma ya neno inalolibana ilhali only hukaa mbele yake. Wanachama tu wanaweza kuuza maharage hapa Jumatatu: only members can sell beans here on Monday. Wanachama wanaweza kuuza maharage tu: members can sell only beans. Wanaweza kuuza Jumatatu tu: members can sell beans here only on Monday. Ni masharti matatu ya soko moja, na kiongozi wa ushirika anayelitupa only popote atakuwa na ugomvi wa aina tatu. Wazungumzaji wenyewe wa Kiingereza hulegea hapa, husema can only sell wakaachia sauti ifafanue. Kwenye karatasi sauti haipo; libandike neno mbele ya kile unachokibana.

Sasa tuviunganishe kwa jambo la hapa. Rukwa ilihesabiwa miongoni mwa ile mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, na hadi leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana kanda yake Sumbawanga. Msimu wa mauzo, mnunuzi hutoka mbali, pengine Zambia, pengine Kongo kwa njia ya Ziwa Tanganyika kupitia bandari ya Kasanga. Kero ya mkulima ni lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu, wakati sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Kikundi kinataka masharti yake yaandikwe kwa Kiingereza: “Magunia ya mnunuzi yasizidi kamwe kilo 100.”

Mwanzo ni magunia ya mnunuzi. Geuza: the buyer's bags. Wanunuzi ni wengi, kwa hiyo alama inasogea: the buyers' bags. Kisha nguvu ya sharti. Should ni ushauri, na mnunuzi mjanja ataisoma hivyo hivyo, ushauri. Weka must. Kielezi nyuma ya kisaidizi: must never. Kitenzi kitupu, bila to na bila s: weigh. The buyers' bags must never weigh more than 100 kilograms. Kikundi kikiona bora kumtaja apimaye, sentensi inageuka: all bags must always be weighed on the group's scale. Always bado iko palepale, nyuma ya must, na umiliki umehamia mwishoni pamoja na mzani, lakini mwenye mzani angali mbele ya mzani wake.

Walimu wa Kiingereza niwaombe jambo. Zoezi la kujaza nafasi, lile la “chagua kati ya can, must na should”, linapima kumbukumbu na kuacha mpangilio bila kuguswa, kwa kuwa nafasi imeshachorwa na mtunzi. Wape wanafunzi sentensi ya Kiswahili kutoka kwenye maisha yao, ya shambani, ya mnadani, ya kituo cha basi, wazipange wenyewe. Kisha wabadilishe kitu kimoja tu kila mara: mkulima mmoja awe wengi, must iwe may, always iwe never, na waseme nini kimebadilika katika maana. Darasa lisilo na vitabu vya kutosha linaweza kufanya hivyo kwa chaki na ubao.

Aliyekwisha kuacha shule atafute maandishi yanayomhusu. Lebo ya dawa ya kuua wadudu ni hazina kwa kusudi hili: imejaa must be worn, should not be mixed, may cause, na mara nyingi ina Kiswahili pembeni cha kulinganisha. Masharti ya simu ya mkononi na yale ya nyuma ya tiketi ya basi pia yanafaa. Soma sentensi moja, piga mstari chini ya kisaidizi, uone kielezi kimekaa wapi, halafu funika karatasi uiandike upya. Nashauri hivyo kuliko orodha za maneno mia moja za kukariri. Orodha humpa mtu maneno mengi zaidi ya kukosea.

Jaribu hii kabla hujaiweka makala pembeni: “Wafanyabiashara wa Kongo huenda pia wakanunua ulezi wa wakulima wa Kalambo.” Huenda ni may, pia ni also, nayo inafuata may. Congolese traders may also buy the Kalambo farmers' millet. Ukitaka kuongeza kwamba ni ulezi wa wakulima wa kikundi cha akina mama wa Kalambo, mnyororo wa alama utakuwa mrefu mno na msomaji atapotea katikati. Hapo katiza kwa of au from, the millet of the farmers from the Kalambo women's group, na alama moja ibaki kwa akina mama.